Sura ya Saba: Unauziwa Ndege, Huuziwi Jeshi

Swali hili huulizwa na watu wa kila namna: mwenye shamba la chai Mufindi, mfanyabiashara wa mbao Mafinga, mchimbaji wa Chunya aliyebahatika, kijana wa Iringa mjini anayejifunza urubani. "Hivi raia anaweza kununua ndege ya jeshi, ile ya jeti, akaisajili kwa jina lake na kuirusha mwenyewe?" Anayeuliza ana hoja. Magari ya jeshi na ya serikali hupigwa mnada, na Land Rover iliyobeba askari jana, leo inashusha viazi kutoka Uporoto. Kwa nini isiwe hivyo kwa ndege?

Anaweza. Duniani kuna mamia ya ndege za namna hiyo mikononi mwa raia, nyingi zaidi zikiwa Marekani, na baadhi yake zilianza maisha kwenye majeshi ya Afrika. Kwa bei ya kununulia tu, wako watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaoweza kuimudu. Sura hii inahusu kinachofuata baada ya bei kulipwa, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama.

Ni ndege gani hasa

Ndege ya mafunzo ya jeti ni ile anayopanda mwanafunzi wa jeshi akishamaliza kujifunza kwenye ndege ya pangaboi, kabla hajakabidhiwa ndege ya vita. Ina viti viwili, cha mwanafunzi na cha mwalimu, na kila mmoja ana usukani wake. Injini ya jeti huvuta hewa kwa mbele, huikandamiza, huichoma pamoja na mafuta, kisha huitema nyuma kwa nguvu. Kwa kuwa imetengenezewa wanaojifunza, ndege hii husamehe makosa ambayo ndege ya vita haisamehi, na ndiyo sababu raia huipenda.

Inayouzwa sana ni L-39 Albatros ya kiwanda cha Aero Vodochody, katika iliyokuwa Chekoslovakia. Iliruka mara ya kwanza Novemba 4, 1968, na zilitengenezwa karibu 2,900. Vita Baridi ilipokwisha, majeshi mengi ya Ulaya Mashariki yalijikuta na L-39 nyingi kuliko mahitaji yao, nazo zikauzwa. Leo nzuri hutangazwa kwa kati ya dola 200,000 na 400,000 za Marekani. Uingereza nayo ilistaafisha Jet Provost zake mwaka 1993, na nyingi zilikwenda kwa raia kwa bei ambayo leo hainunui Land Cruiser mpya.

Safari ya Strikemaster za Kenya

Kisa kilicho karibu nasi kuliko vyote ni cha jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jeshi la Anga la Kenya lilipokea ndege 6 za Strikemaster kutoka Uingereza. Strikemaster ni Jet Provost ileile iliyopewa injini yenye nguvu zaidi na sehemu za kufungia silaha chini ya mabawa. Mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega. Wenye ndugu Oman watakuwa wamezisikia kwa sababu ya vita: ndizo zilizosaidia kuuokoa mji wa Mirbat, Dhofar, Julai 19, 1972.

Kenya ilipopata ndege mpya za Hawk kuanzia 1980, Strikemaster zikawa hazina kazi. Mwishoni mwa muongo huo zilizobaki ziliuzwa Botswana. Botswana nayo ilipochukua ndege za kivita za CF-5 kutoka Kanada mwaka 1996, ikaziuza tena, na safari hii wanunuzi walikuwa raia. Zikarudi Uingereza zilikotengenezwa, zikasajiliwa kiraia, na baadhi zikaanza kuonekana kwenye maonyesho ya anga.

Hazikurudi Nairobi. Wala hazikwenda Arusha au Mbeya, ingawa bei ilikuwa nafuu. Zilifuata mafundi. Uingereza ya miaka ya 1990 ilikuwa imejaa wanaume waliofungua na kufunga Viper, injini ya ndege hizi, maisha yao yote ya kazi jeshini, wakastaafu, wakawa wanatafuta cha kufanya Jumamosi. Vipuri vilikuwa kwenye maghala ya pale pale. Vitabu vya matengenezo vilikuwepo, na waliojua kuvisoma walikuwepo.

Nairobi na Gaborone, ndege hizo zilikuwa na jeshi nyuma yao: mafundi wa zamu, ghala la vipuri, wataalamu wa viti, wapimaji wa mafuta, zimamoto, watu wa hali ya hewa, na serikali ya kulipa. Mnunuzi binafsi hupewa ndege, kitabu cha kumbukumbu na funguo za hanga. Wale wengine wote hawamo kwenye bei. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ninayotaka msomaji wangu alielewe kabla hajatuma hata senti moja.

Kitabu cha kumbukumbu nacho kina mengi. New Zealand ilikuwa na Strikemaster 16, na mabawa yake yalianza kupata nyufa mapema kuliko ilivyotarajiwa, hadi zikaondolewa kazini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sababu ni uchovu wa chuma, yaani nyufa ndogo zinazokua kila bawa linapobeba mzigo mkubwa na kuachiwa. Ndege iliyotumika kupiga mbizi na kufyatua silaha huchoka haraka kuliko iliyozunguka uwanja na wanafunzi, hata kama saa zake za kuruka ni zilezile. Kwa hiyo idadi ya saa peke yake haikuambii kitu. Uliza saa hizo zilifanya kazi gani.

*Kwa ufupi: ndege hizi huuzwa kihalali na kwa bei ya kushangaza. Zinazoendelea kuruka ni zile zilizokwenda walipo mafundi.*

Hewa ya Mbeya

Anayepika Mbeya anajua kwamba maharage yanachelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Hewa ya huku juu ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Injini ya jeti inaila hewa hiyohiyo. Ikipata hewa pungufu, inatoa nguvu pungufu. Bawa nalo hubebwa na hewa hiyohiyo, hivyo ndege hulazimika kukimbia zaidi ardhini ndipo iinuke.

Uwanja wa Songwe uko karibu mita 1,345 juu ya usawa wa bahari. Nduli, Iringa, uko juu kidogo zaidi, karibu mita 1,430. Uwanja wa zamani wa Mbeya mjini ulikuwa karibu mita 1,700. Joto huongeza tatizo, kwa sababu hewa ya moto hutawanyika. Saa saba mchana mwezi wa Oktoba, Songwe ikifika nyuzi 28, ndege hujisikia kama iko mita 2,100 hivi. Marubani hupiga hesabu hii kila siku. Hewa hapo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hewa ya kawaida ya pwani.

Kitabu cha L-39 husema inaondoka baada ya kukimbia karibu mita 530, lakini hiyo ni pwani na siku ya baridi. Songwe saa saba mchana, mwenye busara atahesabu kati ya mita 800 na 900, na ataongeza akiba juu yake. Njia ya kurukia ya Songwe ina zaidi ya kilomita 3, nafasi ipo tele. Kigumu ni kuinuka baada ya hapo. Kilele cha Mbeya kina zaidi ya mita 2,800, Rungwe inakaribia 2,960, na ukungu wa Songwe umewahi kugeuza ndege za abiria zenye vifaa vingi kuliko hii. Kutua nako kuna bei yake: ndege ileile, ikionyesha mwendo uleule kwenye saa yake, kwa kweli inapita juu ya lami kwa kasi zaidi kwa asilimia 11 hivi. Breki na matairi ndivyo vinavyobeba tofauti hiyo. Nduli ni mfupi kuliko Songwe hata baada ya kupanuliwa, kwa hiyo makosa yake yana nafasi ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo waliozoea Cessna hulipuuza. Kwenye ndege ya pangaboi ukisukuma mkono wa mafuta, nguvu huja papo hapo. Injini ya L-39 ikiwa imelala chini kabisa, huchukua karibu sekunde 10 kuamka hadi nguvu kamili. Rubani anayekuja kutua akagundua yuko chini mno, sekunde hizo 10 ni nyingi sana. Ndiyo maana walimu wa jeti hufundisha kutoiacha injini ilale wakati wa kushuka, na hakuna ufundi wa Cessna unaoweza kuwa badala ya mafunzo hayo.

Mbeya si ngeni kwa shida hii. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua safari za London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo kati ya Dodoma na Mpika. Kusini ya Nairobi walitumia ndege za Hercules zenye injini tatu, na viwanja vya juu vya Afrika viliwasumbua tangu siku za mwanzo. Nyanda hizi zimekuwa zikiwafundisha marubani adabu kwa zaidi ya miaka 90.

Saa moja angani

Tufanye hesabu ya L-39, kwa sababu hesabu hii huamua kuliko maneno. Matangi yake, pamoja na yale madogo ya ncha za mabawa, hubeba takriban lita 1,250. Ikisafiri inakunywa kati ya lita 450 na 600 kwa saa. Kutoka Songwe hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 690, yaani saa moja na dakika chache. Kutoka Nduli hadi Songwe ni kilomita 300 hivi, nusu saa. Masafa yake yote ni karibu kilomita 1,100, kwa hiyo Dar utafika na akiba ya heshima, ila kurudi bila kujaza haiwezekani.

Chukua lita 500 kwa saa, na kwa mfano tu weka bei ya mafuta ya ndege kuwa shilingi 3,000 kwa lita. Saa moja ni shilingi milioni 1.5 za mafuta peke yake. Ndege iliyokaa bila kuruka huharibika: mipira hukauka, kutu huingia, mafuta ya breki huvuja. Kwa hiyo ni lazima iruke, tuseme saa 50 kwa mwaka. Hizo ni lita 25,000 na shilingi milioni 75. Hapo hujalipa bima, hanga, fundi, ada za uwanja, wala matairi. Na kabla ya yote ulizia kama mafuta hayo yapo muda wote kwenye uwanja unaokusudia kuifungia ndege yako. Pasipo na mafuta, utayaleta kwa lori, na mafuta ya ndege yakiingia maji au uchafu njiani ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Injini nayo ina umri. Baada ya saa mia kadhaa hushushwa, hufunguliwa yote na kujengwa upya, kazi ambayo gharama yake inaweza kukaribia bei ya ndege nzima. Injini ya L-39 ilibuniwa na kutengenezwa Zaporizhzhia, Ukraine. Tangu vita ya 2022 mji huo uko karibu kabisa na uwanja wa mapambano, na kila mwenye L-39 duniani sasa anatazama ghala lake la vipuri kwa jicho tofauti.

*Kwa ufupi: bei ya kununulia hulipwa mara moja. Bei ya kumiliki hulipwa kila mwaka, hata mwaka ambao hukuruka.*

Kiti chenye baruti

Kiti cha ndege hizi kinastahili mafungu yake chenyewe. Ni kiti cha kujirusha: rubani akivuta mpini, kifuniko cha kioo hufyatuka, baruti hulipuka chini yake, naye hutupwa nje ya ndege kisha mwavuli hufunguka. Ndege ikiwa imesimama, baruti hiyo hufungwa kwa pini zenye vitambaa vyekundu. Utawaona marubani wawili wakizichomoa moja moja kabla ya kuondoka, wakizihesabu kwa sauti, wakaonyeshana mkononi, kisha wakazitia mahali pake maalumu. Wakisharudi huzirudisha kabla hata hawajafungua mikanda. Pini iliyosahaulika kabla ya kuruka humnyima rubani kiti chake. Ikisahaulika baada ya kutua, inaweza kumuua fundi anayefagia ndani.

Baruti hizo zina tarehe ya mwisho wa matumizi, kama dawa za hospitali. Zikipita tarehe hubadilishwa, na mpya huagizwa nje. Wachimbaji wa Chunya hawahitaji kuambiwa maana yake: baruti ni baruti, iwe ya mwamba au ya kiti, na kuiingiza nchini, kuisafirisha na kuitunza kuna vibali vyake.

Wamiliki wengine hukizima kiti, yaani huondoa baruti zote kikabaki cha kukalia tu. Mimi naona uamuzi huo ni mzito kuliko unavyosikika. Njia ya moja kwa moja kutoka Nduli hadi Songwe hupita juu ya bonde la Usangu. Injini ikizimika hapo, mwenye Cessna anaweza kutua polepole kando ya jaruba za mpunga za Mbarali akatoka akitembea. Mwenye jeti atagusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa hivi. Kiti kinachofanya kazi ndicho kinachosawazisha hatari hiyo.

Lakini kiti kilichopo ila hakifanyi kazi ni kibaya zaidi, kwa sababu rubani anakitegemea. Novemba 14, 2009, kwenye maonyesho ya anga ya Overberg, Afrika Kusini, ndege ya kivita ya Lightning iliyokuwa mali ya kampuni binafsi ya Thunder City ya Cape Town ilipata hitilafu angani. Rubani aliamua kuiacha. Kifuniko hakikufyatuka, kiti hakikuondoka, akafa nayo. Thunder City ilikuwa na ndege za vita ambazo watu walitoka mabara mengine kuja kuzipanda. Hata wao lile jeshi la mafundi lisilokuwemo kwenye bei liliwapungukia siku lilipohitajika.

Karatasi

Ndege ya abiria ina cheti kinachothibitisha kwamba muundo wake ulikaguliwa na mamlaka ya kiraia na kwamba inafaa kuruka. Ndege ya jeshi ilijengwa kwa matakwa ya jeshi, na kwa kawaida muundo wake haukupitia ukaguzi huo. Kwa hiyo raia akiinunua, haipati cheti cha kawaida. Nchi zinazoruhusu hutoa kibali maalumu chenye masharti: huwezi kubeba abiria wa kulipa kama basi, huwezi kupita juu ya mikusanyiko, na rubani lazima awe amefunzwa aina hiyo ya ndege. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kiraia duniani, ndege isiyo na cheti kamili haivuki mpaka bila ridhaa ya nchi inayoingia. Kuileta kwa kuirusha kutoka Ulaya ni kuomba ruhusa nchi baada ya nchi.

Masharti haya yana damu ndani yake. Agosti 22, 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya zamani ya jeshi aina ya Hunter ilianguka barabarani wakati wa maonyesho, na watu 11 wakafa. Uingereza ikakaza kanuni za ndege hizi. Afisa akikuuliza maswali mengi, ana sababu.

Kwetu, ndege hupata usajili unaoanza na 5H kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Nenda kwao kwa barua kabla ya kulipa hata arubuni, ukiwa na aina ya ndege, historia yake na matumizi unayokusudia, usubiri jibu la maandishi. Tarajia vyombo vya ulinzi navyo kuhusishwa. Nchi ya muuzaji nayo inaweza kuihesabu ndege yenye sehemu za kufungia silaha kuwa zana ya kijeshi, hata kama silaha zimeondolewa, na ikadai kibali chake cha kuitoa.

Kabla hujasema ndiyo

Muuzaji mkweli hatachukia kuulizwa haya:

- Mabawa yana saa ngapi, na kazi ilikuwa mafunzo au mashambulizi?
- Injini ilijengwa upya lini, na nani, na karatasi ziko wapi?
- Baruti za kiti zinaisha lini? Mpya zinapatikana wapi?
- Fundi anayeihudumia sasa yuko tayari kuja Mbeya kwa miezi sita kufundisha wenzake?

Hilo la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine. Akisema hapana, na huna mwingine, usinunue ndege ya kuruka.

Maana iko ya aina nyingine, nami naitetea kwa moyo wote. Ndege ambazo mabawa yake yamekwisha umri huuzwa kwa bei ndogo sana, kwa sharti kwamba haziruki tena. L-39 ina urefu wa mita 12 na kidogo, mkia hutenganishwa na kiwiliwili, na lori linaipandisha Kitonga bila taabu kubwa. Mtu wa Mbeya au Iringa mwenye uwezo anaweza kununua moja akaipa chuo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Kijana aliyefungua injini ya kweli kwa mikono yake, akaona mapanga ya ndani yaliyopangwa mduara kwa mduara, akafuata mrija wa mafuta hadi unakoishia, huyo ndiye mwanzo wa lile jeshi ambalo hakuna anayeuza.

Ukiichukua njia hiyo, mambo mawili yasikupite. Baruti za kiti ziondolewe na mtaalamu nchini kwa muuzaji, na upewe cheti cha kazi hiyo. Na kama ni ndege ya zamani, pima saa za dashibodi yake: nyingi zilipakwa rangi inayong'aa gizani yenye radiamu, ambayo hutoa mionzi. Kazi hiyo inaihusu Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na iandikie kabla kontena halijapakiwa melini, kwa sababu likishafika bandari ya Dar es Salaam bila kibali, gharama za kila siku ya kukaa pale ni zako.